Mtoto ana akili, mbona kusoma kunamshinda?



Mwisho wa kila muhula wapo wazazi wanaofungua ripoti ya shule wakashindwa kuielewa. Mtoto anayeunda gari la waya lenye usukani unaogeuka, anayesimulia mchezo wa mpira tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, anayejua chenji ya elfu tano kabla mwenye duka hajafungua droo, ameandikiwa kwamba ni wa 78 kati ya watoto 81. Chini yake mwalimu ameongeza maneno mawili matatu: mzito, mvivu, aongeze bidii. Baba hukasirika, mama hulia, bibi husema mtoto amechezewa. Mwenyewe hukaa kimya, kwa sababu bidii anayoambiwa aongeze alikwisha kuitoa yote.

Mwezi huu tunazungumzia hali iitwayo disleksia, ambayo ni ugumu wa kusoma na kuandika. Huenda ukauliza kwa nini ukurasa wa afya unaingia darasani. Tunaingia kwa sababu chanzo cha hali hii kimo ndani ya mwili, katika ubongo unavyoshughulikia sauti za maneno; na pia kwa sababu mtoto anayepigwa na kuchekwa kwa jambo asiloliweza huugua kweli. Tumbo humuuma kila asubuhi ya imla, usingizi humpotea, na wako wanaoacha shule kabisa.

DISLEKSIA NI NINI?

Ni ugumu wa kudumu wa kusoma maneno kwa usahihi na kwa kasi, na wa kuyaandika bila makosa, unaompata mtoto ambaye anaona na kusikia vizuri na amefundishwa kama wenzake. Si wazimu, si upungufu wa akili, wala hauambukizwi. Wapo wenye disleksia ambao ni hodari sana, wapo wa wastani na wapo wa chini, kama ilivyo kwa watu wengine wote. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba kati ya watoto mia moja, watano hadi kumi wanayo kwa kiwango fulani. Katika darasa la watoto themanini, basi, yawezekana wako wanne hadi wanane.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1877 daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, aliandika juu ya watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma ingawa macho yao yalikuwa mazima, akaita hali hiyo upofu wa maneno. Miaka kumi baadaye daktari wa macho wa Stuttgart, Rudolf Berlin, alichapisha kitabu kilicholieneza jina la disleksia. Lakini hao walizungumzia watu walioumia ubongo. Aliyetufungua macho kuhusu watoto ni daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, wa mji wa Seaford, katika jarida la madaktari la nchi hiyo mwezi Novemba 1896. Alieleza habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy, aliyekuwa amefundishwa kusoma tangu umri wa miaka saba bila mafanikio. Percy alizidisha nambari za tarakimu tatu upesi na bila kosa. Lakini maneno mafupi ya kawaida yalimshinda, na alipoandika jina lake mwenyewe alipindua herufi akaandika «Precy». Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni. Walimu wetu wengi, nadhani, wanaweza kumtaja Percy wa darasa lao.

Morgan alidhani tatizo liko katika sehemu ya ubongo inayohifadhi sura ya maneno. Uchunguzi wa miaka mingi iliyofuata umeonyesha kwamba kwa watoto walio wengi kiini kiko kwenye sauti. Tunaposema «samaki» sisi husikia kitu kimoja, na picha ya samaki hutujia. Ili kuliandika neno hilo, ubongo hauna budi kulivunja: sa-ma-ki, kisha s na a, m na a, k na i, na kila kipande kipate alama yake. Kuongea mtoto hujifunza kwa kusikiliza watu wa nyumbani kwake. Kusoma ni ufundi uliobuniwa na wanadamu, na kila mtoto huufundishwa upya. Mwenye disleksia husikia «samaki» kama sisi, lakini kazi ya kuvunja sauti na kuzifungamanisha na herufi humwia ngumu, na hata akiiweza humchukua muda mrefu.

Hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mzazi mmoja akiwa nayo, watoto wanne hivi kati ya kumi huweza kuipata. Kwa hiyo kabla ya kumgombeza mwanao, jiulize ni nani katika ukoo aliyekuwa akikwepa kuandika barua, au aliyeacha shule darasa la nne ingawa leo ni fundi hodari asiyeshindwa na mashine yoyote.

KISWAHILI HUIFICHA

Hapa ndipo wengi wetu hukosea, na ningependa tupatazame kwa makini. Maelezo mengi tunayopata kuhusu disleksia yameandikwa kwa ajili ya watoto wanaosoma Kiingereza. Husema: mtafute mtoto anayesoma maneno isivyo. Kiingereza huandikwa kwa namna moja na kusomwa kwa namna nyingine. «Though», «through» na «tough» yanafanana kwa macho lakini hayafanani hata kidogo kwa sikio. Kiswahili sivyo. Herufi «a» ni «a» kila mahali. Ndiyo sababu mtoto wa Kiswahili aliyefundishwa vizuri huanza kusoma mapema. Lugha nyingine zilizo hivyo zimeonyesha jambo hilo hilo. Katika utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2003, watoto wa Finland waliomaliza mwaka wa kwanza wa shule walisoma sawasawa maneno 98 katika kila mia moja. Wale wa Scotland, wanaosoma Kiingereza, walisoma 34.

Je, ina maana kwamba lugha kama Kiswahili haina disleksia? La hasha. Mwaka 2001 wachunguzi walilinganisha watu wazima wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Kiitaliano nacho hufuata matamshi, na Waitaliano walisoma vizuri kuliko wenzao. Lakini ubongo ulipopigwa picha wakati wa kusoma, upungufu ulionekana katika sehemu ile ile ya upande wa kushoto kwa watu wa mataifa yote matatu. Huko Austria, Heinz Wimmer alionyesha tangu mwaka 1993 kwamba watoto wenye disleksia wanaosoma Kijerumani, lugha ambayo maandishi yake yanakaribiana sana na matamshi, husoma maneno mengi bila kosa. Kinachowasaliti ni mwendo. Husoma polepole mno, na mwendo huo hauongezeki kama wa wenzao mwaka baada ya mwaka. Pia huandika kwa makosa.

Basi mwenye kumtafuta mtoto huyu katika shule zetu asisubiri akosee kusoma. Atazame kasi, na atazame daftari la imla.

Kiswahili kina mzigo wake pia: maneno marefu. «Hawakutuambia», «alipomwendea», «tulivyowafundisha». Msomaji wa kawaida huliona neno kwa mara moja. Mwenye disleksia hulipanda kama mlima, silabi baada ya silabi, na akifika «-fundisha» amekwisha kusahau «tuli-» ilikuwa nani na lini. Akimaliza sentensi, ukimwuliza imesema nini, hajui. Mwalimu husema hana akili. Ukimsomea wewe sentensi ile ile, atakueleza yote na pengine kukuongezea.

DALILI

Kabla ya shule dalili si za uhakika, lakini zinastahili kukumbukwa: mtoto aliyechelewa kusema, anayepindua silabi za neno hata baada ya wenzake kuacha, kama kusema «bakati» kwa kabati, anayesahau majina ya vitu vya kila siku na kusema «kile cha kuchotea maji», anayeshindwa kushika siku za juma kwa mfuatano. Michezo ya sauti haimpendezi. Wengi mnakumbuka kinyume, ule mchezo wa kuchukua silabi ya mwisho na kuitanguliza, kikapu kikawa «pukika». Mtoto aliyekwisha kuanza shule ambaye kinyume kinampiga chenga siku zote, hali wadogo zake wanakiweza, ana shida na sauti.

Darasa la kwanza na la pili wapo wanaodanganya jicho la mwalimu. Ubao umeandikwa ba be bi bo bu, darasa zima linaimba, naye anaimba kwa nguvu kuliko wote. Ameshika wimbo, herufi hazijui. Vivyo hivyo huweza kusoma ukurasa mzima wa kitabu huku macho yakitazama dirishani, au kujibu maswali ya katekisimu moja baada ya jingine kwa kusikia tu. Ili kujua, mwonyeshe silabi bila mpangilio: bo, mi, bu, ta, be. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana yoyote, kama «lomupi», «nyefulo», «tambidosha». Neno lisilo na maana halikaririki wala halikisiwi. Ni lazima lisomwe.

Katika kuandika, sauti zinazogandana ndizo humtesa zaidi: «nyuba» badala ya nyumba, «chugwa» badala ya chungwa, «gombe» badala ya ng'ombe. Neno moja huandikwa kwa namna tatu katika ukurasa mmoja. Hapa tahadhari inahitajika. Kuna sehemu ambako wengi husema «kura» wakimaanisha kula, au huiacha «h» wakasema «abari». Mtoto anayeandika kama majirani zake wanavyosema hana disleksia, anaandika anachosikia. Na makosa ya tahajia ni ya kawaida kwa watoto wote mwanzoni: mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza uandishi wa wanafunzi wa Kiswahili, walieleza kwamba hata lugha yenye kanuni kama hii si kazi ndogo kujifunza tahajia yake. Tofauti ni kwamba mtoto wa kawaida hupunguza makosa kadiri anavyofundishwa, na huyu hubaki nayo.

Kugeuza «b» na «d» watu wengi huona ndiyo alama yenyewe. Siyo. Watoto wengi hufanya hivyo hadi umri wa miaka saba au minane, kisha huacha.

Kuanzia darasa la tatu, mtoto husoma kwa kidole, kwa sauti ya kukatika, na huchoka upesi. Hamalizi kunakili ubaoni. Jedwali la kuzidisha halishikiki ingawa hesabu zenyewe anazielewa. Wavulana aghalabu hugeuka wachekeshaji au wagomvi, na kwa hiyo huonekana. Wasichana wengi hukaa nyuma kimya, wakanakili kutoka kwa jirani, na hakuna anayewajua mpaka matokeo ya darasa la saba.

Jaribu hivi nyumbani. Chukua kitabu cha darasa lililo chini ya lake, chagua aya asiyoifahamu, mpe dakika moja ya saa, uhesabu maneno aliyosoma. Wape watoto wawili watatu wa darasa lake aya hiyo hiyo, kila mmoja peke yake. Kama wao wamesoma mara mbili ya yake au zaidi, na majuma kadhaa baadaye bado ni hivyo, una jambo la kumpelekea mwalimu.

KWANZA NENDENI ZAHANATI

Si kila asiyejua kusoma ana disleksia, na kuwabandika watoto jina hili ovyo ni kosa jingine. Mwanafunzi aliye mmoja kati ya mia na ishirini katika chumba kimoja, asiye na kitabu, ambaye mwalimu wake hajapata kumsikiliza akisoma, huenda hana kasoro yoyote ila kwamba hajafundishwa. Vivyo hivyo mtoto aliyeingia shule akijua lugha ya kwao tu. Njia ya busara ni kumfundisha kwa utaratibu mzuri kwa miezi michache. Wengi wataamka. Anayebaki pale pale pamoja na mafundisho mazuri ndiye wa kumtazama.

Wakati huo huo apimwe macho, kwa kila jicho peke yake, na masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara huenda alikosa kusikia sauti nyingi katika miaka ile ile ya kujifunza maneno. Apimwe damu, maana mwenye upungufu wa damu husinzia darasani. Minyoo na kwenda shule bila kula asubuhi navyo vina sehemu yao. Mweleze mganga wa zahanati kama mtoto alipata kuugua malaria kali iliyomtia degedege au kupoteza fahamu, kwa kuwa baadhi ya watoto waliopona huachiwa udhaifu katika kujifunza. Tena yupo mtoto ambaye mara nyingi kwa siku huduwaa kwa sekunde chache, macho yametulia, hasikii akiitwa, kisha anaendelea kama kawaida. Hiyo yaweza kuwa aina ya kifafa, na ina dawa. Kutotulia na kushindwa kukaza mawazo ni jambo jingine, ingawa mara nyingi huandamana na disleksia katika mtoto yule yule.

Disleksia yenyewe haina kidonge. Mafuta ya samaki na dawa za chupa zinazouzwa kuwa huongeza akili hazijathibitika kuiondoa. Miwani ya rangi na mazoezi ya macho pia. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, pamoja na madaktari wa macho, walitamka hivyo waziwazi mwaka 2009. Miwani ni ya mtoto ambaye kipimo kimeonyesha haoni sawasawa. Mwenye kukuuzia hirizi ya kumfungua kichwa mtoto, mwache aende zake.

KINACHOSAIDIA SHULENI

Kurudia darasa peke yake hakusaidii. Mtoto hupewa mafundisho yale yale yaliyokwisha kumshinda, kati ya watoto wadogo kuliko yeye. Kuandika neno mara mia moja hakusaidii. Neno la ishirini huwa limekwisha kuharibika, na themanini yanayofuata hulizoeza kosa. Viboko huongeza hofu, na mwenye hofu husoma vibaya zaidi. Hilo hata sisi tusio na disleksia tunalijua.

Kinachosaidia ni mafundisho ya sauti na herufi yaliyo wazi na yenye mpangilio. Sauti moja ifundishwe hadi ikae, ndipo ije nyingine. Mtoto aitamke, aisikilize, aichore mchangani kwa kidole huku akiitaja, aitafute ndani ya maneno anayoyajua. Njia hii ya kutumia sikio, jicho na mkono kwa pamoja ilienezwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham kuanzia miaka ya 1920 na 1930, na sehemu yake iliyothibitika kuliko zote ni huo mpangilio wa sauti, hatua kwa hatua. Mwanzo ni irabu tano, kisha silabi nyepesi, kisha zile zinazogandana: mb, nd, ng, nj, ny, ng', kw, mw. Asisukumwe mbele kwa sababu mtaala umesogea. Dakika ishirini za kila siku, pamoja na watoto wanne au watano wenye shida moja, zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi.

Kwa mwalimu mwenye darasa kubwa, mambo machache hayagharimu kitu. Mtoto akae mbele. Asisimamishwe ghafula kusoma mbele ya darasa; kama ni lazima asome, apewe aya yake jana yake ajiandae. Mtihani wa Sayansi au Maarifa ya Jamii usigeuke mtihani wa tahajia: aulizwe kwa mdomo, au alama za mawazo zitolewe mbali na za tahajia. Imla yake iwe na maneno matano badala ya ishirini. Mwenzake mwenye mwandiko mzuri amwazime daftari badala ya kumwacha akinakili wakati wa mapumziko, maana mapumziko ni haki yake.

Wazazi pia waulize mapema kuhusu mtihani wa taifa. Upo utaratibu wa kuwasaidia watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule lazima iwe imepeleka habari zao kwa wakati. Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kisha afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako. Katika shule nyingine yuko mwalimu aliyesomea kazi hii katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, wala wazazi hawana habari.

KIINGEREZA

Siku hizi mzazi mwenye uwezo, akiona shule ya Kiswahili imemshinda mtoto, humhamishia shule inayofundisha kwa Kiingereza, akiamini huko watamnoa. Kwa mtoto mwenye disleksia huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto. Maandishi ambayo angalau hufuata sauti yanamlemea. Sasa anapewa yasiyofuata, tena katika lugha asiyoijua vema. Kama mnaweza kuchagua, aimarishwe kwanza kusoma Kiswahili. Sauti alizozishika hapo ndizo atakazosimamia huko mbele.

Na hatimaye huko mbele huja kwa wote. Mtoto aliyejikokota hadi darasa la saba, akafaulu kwa kuchagua majibu ya A, B, C, huingia kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni ya Kiingereza. Hapo ndipo wengi huanguka kwa kishindo, na watu husema ameharibiwa na makundi. Anayejua mapema kwamba mwanawe ana shida hii na aanze mapema: mtoto asikie Kiingereza na kukisema kabla ya kukisoma, maneno ajifunze machache kwa siku, kwa mafungu ya yale yanayoandikwa kwa kufanana, na kila neno ajue maana yake kwanza. Simu inayoweza kusoma maandishi kwa sauti, pale ilipo nyumbani, imtumikie kwa vitabu vya Historia na Baiolojia. Huko si kudanganya. Anachopaswa kujua ni historia.

NYUMBANI

Mweleze mtoto ukweli kwa maneno yake: kichwa chako hakina ubovu, ila sauti na herufi zinachelewa kukutana, na tutazisaidia zikutane. Wengi hupumua wakisikia hivyo, kwa sababu walikwisha kujihukumu kuwa wajinga. Ndugu zake nao waambiwe, na wakatazwe kumwita majina.

Tafuteni vizibo vya soda, andikeni silabi juu yake, mpange maneno mezani. Someni pamoja: wewe na yeye kwa sauti moja, kidole kikitembea chini ya maneno, nawe upunguze mwendo umfuate. Aya ile ile irudiwe mara tatu au nne kwa siku mbili tatu, mpaka ianze kuteleza. Mwendo hupatikana kwa kurudia. Maneno marefu mkate mahali penye maana. Badala ya a-li-po-mwe-nde-a, mwonyeshe kwamba «ali-» ni yeye zamani, «-po-» ni wakati, «-mw-» ni mwenzake, na «-endea» analijua tangu utotoni. Mtoto anayejua kuongea Kiswahili tayari anavijua vipande hivyo vyote; ni macho tu hayajavizoea.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi. Vitendawili, hadithi, kinyume, nyimbo za kupiga makofi kwa kila silabi, vyote humzoeza mtoto kusikia sauti ndani ya maneno. Kusoma kwenyewe kaka au dada wa darasa la juu anaweza kukusimamia, mradi asiwe na haraka wala dharau. Na ile kazi ya mikono anayoiweza, gari la waya, bustani, redio aliyoifungua akairudisha, msimnyang'anye kama adhabu ya kushindwa kusoma. Pengine ndiyo saa pekee katika siku nzima anapojiona ni mtu.

Dakika kumi na tano hadi ishirini kila jioni zatosha, mapema, kabla hajachoka na kabla taa haijafifia. Akianza kupapasa macho na kukisia ovyo, funga kitabu hata kama muda haujaisha. Kesho anzeni na lile neno la mwisho aliloliweza.